Kivu: Kabla ya kununua mashine ya espresso kwa nyumba, tazama umeme, maji na kisagio

Mashine inafika toka Bulaya ndani ya katoni yake, imefungwa vizuri, pamoja na kitabu cha maelezo chenye lugha kumi. Dola 600 zimetoka. Wiki ya kwanza ndugu na majirani wanapita kuonja. Mwezi wa tatu mashine iko juu ya kabati la sebuleni, imefunikwa kitambaa, na baba mwenye nyumba amerudia chai yake. Iwe Goma, Bukavu ao Butembo, hadithi ya namna hii haimshangazi mtu.

Mara nyingi mashine yenyewe haina kosa. Kosa ni kwamba ilichaguliwa kwa ajili ya jiko la watu wengine: jiko ambamo umeme haukatiki, maji ya bomba hayaachi ukoko ndani ya birika, na fundi mwenye vipuri yuko mtaa wa pili. Mkaaji wa Kivu hana hayo. Lakini ana kitu ambacho watu wa Milano na Brussels wanakitafuta kwa pesa nyingi: kahawa ya arabika inayovunwa karibu na kwake. Mashine nzuri kwake ni ile inayoifaa kahawa hiyo na inayovumilia umeme wake. Nyingine, hata iwe na kioo cha kugusa kwa kidole, ni pambo la sebule.

Kahawa inapita mlangoni

Kandokando ya ziwa Kivu, toka Minova na Kalehe hadi Kabare na kisiwa cha Idjwi, arabika inaanza karibu na maji, kwenye mita 1460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kupanda mlimani. Upande wa kaskazini kuna Lubero, Butembo na Beni, mpaka chini ya milima ya Rwenzori. Ushirika wa SOPACDI ulianza Minova mwaka wa 2003. Muungano uko Kalehe. Kawa Kabuya na Kawa Kanzururu ziko upande wa Butembo na Beni. Kahawa ya vyama hivyo inaoshwa kwenye stesheni, inakaushwa juu ya meza, inachambuliwa na akina mama punje kwa punje, kisha inaenda Ulaya na Marekani, ambako inauzwa kama kahawa ya daraja la juu.

Kabla ya stesheni hizo, wakulima wengi wa Kalehe na Idjwi walikuwa wakivusha mavuno yao usiku kwa mitumbwi hadi Rwanda, na wengi walizama ziwani. Leo bado kuna kahawa inayovuka mipaka kwa njia za panya, lakini mkulima mwenye ushirika ana mahali pa kuuzia.

Pamoja na hayo yote, katika nyumba nyingi za mjini kahawa ni ile ya kopo, inayoyeyushwa kwa maji ya moto, na imetoka mbali. Ndiyo maana kuchagua mashine si jambo la starehe tu. Chukua mfano wa mashine za kapsuli. Mfumo wa Nespresso, ulioanzishwa na kampuni ya Nestlé ya Uswisi mwaka wa 1986, unatumia kapsuli yenye gramu 5 ao 6 za kahawa. Kapsuli moja ikiuzwa nusu dola, kilo ya kahawa iliyo ndani inakaribia dola 90. Mkulima wa Kalehe haoni bei ya namna hiyo hata katika ndoto. Na Kivu, kapsuli zinafika ndani ya mizigo ya wasafiri. Zikiisha, mashine inasimama. Kuna kapsuli za chuma za kujaza upya, zinasaidia, lakini kikombe kinachotoka ni chepesi na kazi ya kuzijaza inachosha watu haraka.

Kwa hiyo mchujo wa kwanza ni rahisi: mashine ya nyumbani Kivu lazima ipokee kahawa ya kawaida, iliyosagwa na mwenye nyumba.

Mashine inatakiwa kufanya kazi gani?

Espresso si kahawa nyeusi sana ao chungu sana. Ni namna ya kupika. Maji yenye joto la digrii 90 hadi 96 yanasukumwa kwa nguvu kupita kwenye kahawa iliyosagwa laini na kukandamizwa. Nguvu hiyo ni bari 9, yaani mara tisa ya mgandamizo wa hewa kwenye usawa wa bahari. Kipimo ambacho watu wengi wanaanzia ni gramu 18 za unga zinazotoa gramu 36 za kinywaji kwa muda wa sekunde 25 hadi 30. Juu yake kunakaa povu la rangi ya hudhurungi, ambalo Waitalia wanaliita krema.

Waitalia hao hawakufika hapo kwa siku moja. Luigi Bezzera wa Milano aliandikisha mashine yake mwaka wa 1901, lakini ilisukuma maji kwa mvuke, na mvuke hauna nguvu ya kutosha. Kahawa ilitoka na ladha ya kuungua. Achille Gaggia ndiye aliyeondoa mvuke. Aliandikisha wazo lake mwaka wa 1938, na baada ya vita mashine zake zikatumia mkono mrefu na springi kusukuma maji. Hapo krema ikaonekana. Mwaka wa 1961 kampuni ya Faema ikatoa mashine yake ya E61 yenye pampu ya umeme, na karibu kila mashine ya mkahawa inayoonekana leo ni mjukuu wake.

Historia hiyo ina faida kwa mnunuzi wa leo, kwa sababu inaonyesha kwamba umeme ulikuja baadaye. Mkono wa mtu unatosha kutoa bari 9. Jambo hilo litarudi mbele kidogo.

Kuhusu bari, onyo moja. Kwenye katoni za mashine nyingi za bei ndogo kumeandikwa kwa herufi kubwa "bari 15" ao "bari 20". Hiyo ni nguvu ambayo pampu inaweza kufikia ikizibwa kabisa. Haisaidii kikombe. Mashine ya bari 15 isiyo na vali ya kupunguza inasukuma maji kwa nguvu kupita kiasi, maji yanatoboa njia ndani ya unga, na kahawa inatoka chachu na chungu kwa wakati mmoja. Mwuzaji anayesifu bari 20 anauza katoni.

Kisagio kwanza

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Mtu ana dola 500, ananunua mashine ya dola 480, kisha anatafuta kahawa iliyokwisha kusagwa. Wiki moja baadaye anailaumu mashine.

Kahawa iliyosagwa inapoteza harufu yake kwa muda mfupi sana. Na espresso inadai usagaji wa kipimo: unga ukiwa mkubwa kidogo tu, maji yanapita kwa sekunde 10 na kinywaji ni maji ya rangi, ukiwa laini kidogo kupita kiasi, hakuna tone linalotoka. Tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, na inabadilika kila mfuko mpya wa kahawa unapofunguliwa. Hakuna kinu cha sokoni kinachoweza kufanya kazi hiyo, wala kile chombo cha umeme chenye visu viwili kinachokata viungo jikoni. Kinachotakiwa ni kisagio chenye meno mawili ya chuma yanayozunguka moja ndani ya lingine, na kirekebishwe hatua kwa hatua.

Kwa bahati nzuri, kisagio cha mkono cha siku hizi kinafanya kazi hiyo vizuri. K6 ya kampuni ya Kingrinder inapatikana kwa dola 100 hivi. Zile za 1Zpresso ya Taiwan zinapanda juu kidogo. Gramu 18 zinamalizika kwa dakika moja ya kuzungusha, kidogo zaidi kama kahawa ni ngumu. Haziombi umeme, haziogopi delestaje, na zinaingia ndani ya mfuko wa safari. Kisagio cha umeme cha kiwango hicho, kama Mignon ya kampuni ya Eureka ya Firenze, kinaanzia bei ya mara mbili ao tatu. Kwa nyumba yenye watu wawili wanaokunywa kahawa, cha mkono kinatosha. Kwa nyumba inayopokea wageni sita kila Jumapili baada ya ibada, mkono utachoka.

Kuna sababu nyingine, ya huku kwetu, inayofanya kisagio cha kupimia dozi moja moja kuwa bora kuliko kile chenye debe la kahawa juu yake. Kahawa ya Kivu, kama ile ya Rwanda na Burundi, mara moja moja inabeba kasoro inayoitwa ladha ya kiazi. Inahusiana na mdudu wa antestia anayetoboa tunda shambani. Punje yenye kasoro haionekani kwa macho, lakini ikisagwa inanuka kama kiazi ulaya kibichi kilichomenywa sasa hivi. Punje moja inaharibu kikombe kizima. Mtu anayesaga gramu 18 kwa wakati wake ananusa, anatupa dozi hiyo moja, anasaga nyingine. Mtu mwenye mashine inayosaga na kupika yenyewe anagundua akiwa amekwisha kumeza.

Umeme unaamua

Goma ina wauzaji wa umeme kadhaa: SNEL, Virunga Energies, SOCODEE, Nuru yenye mitambo ya jua. Bukavu inategemea sana mabwawa ya Ruzizi. Sehemu nyingine watu wana groupe ao paneli za jua. Kila hali ina jibu lake, na ni vizuri mnunuzi awe mkweli kwa nafsi yake hapa.

Mashine ndogo ya espresso inavuta kati ya wati 1000 na 1400 wakati inapochemsha. Si mzigo mkubwa kwa nyumba yenye kashpawa na umeme imara: hata ikivuta wati 1300 bila kupumzika kwa robo saa, ni theluthi moja ya kilowati-saa. Lakini kigroupe kidogo cha wati 800 hakiiwezi. Vilevile konvertisa ya wati 500 inayowasha televisheni na taa itazimika pale mashine inapoanza kuchemsha, na betri zitakufa mapema. Mwenye paneli anatakiwa kuwa na konvertisa ya wati 2000 na betri za kutosha, ao aache mashine ya umeme kabisa.

Tatizo baya kuliko kukatika ni kurudi. Umeme ukirudi kwa kishindo, ao ukishuka hadi volti 160 jioni wakati mtaa mzima unapika, kinachoungua kwanza ni kadi ya elektroniki. Mashine zinazofanya kila kitu zenyewe, zinazosaga, kukandamiza, kupika na kuchemsha maziwa kwa kubonyeza mahali pamoja, zina kadi za namna hiyo ndani, sensa nyingi na vipande vya plastiki vinavyotembea. Zikiwa Ulaya, chini ya garanti, ni vyombo vizuri. Zikifa Bukavu, hakuna wa kuzifufua. Pia zinataka kuoshwa ndani kila wiki, na kahawa iliyokaangwa nyeusi yenye mafuta inaziba kisagio chao.

Mashine ya umeme inayofaa zaidi ni ile yenye vitu vichache: chungu cha kuchemshia, temostati, pampu, swichi tatu. Gaggia Classic, iliyotoka mara ya kwanza mwaka wa 1991, ni mfano unaojulikana zaidi duniani. Chujio lake lina upana wa milimeta 58, sawasawa na mashine nyingi za mikahawa, kwa hiyo vifaa vyake vinapatikana kila mahali. Ina vali inayotoa mgandamizo baada ya kupika, ili unga utoke mkavu na usiruke usoni. Ulaya inazunguka karibu na dola 500. Rancilio Silvia, iliyotoka mwaka wa 1997, ni nzito zaidi, chungu chake ni kikubwa, cha mililita 300, mvuke wake una nguvu, na bei yake iko juu. Zote mbili fundi wa kawaida wa umeme anaweza kuzifungua kwa tunevisi, akaelewa kilichomo. Zilindwe na stabilizateri yenye uwezo wa wati 2000, na zichomolewe ukutani umeme ukikatika.

Mashine kubwa zaidi zenye vyungu viwili, zinazopika kahawa na kuchemsha maziwa kwa wakati mmoja, zinauzwa dola 1000 na zaidi. Zile zenye kichwa cha mtindo wa E61 zinataka karibu nusu saa kupata joto sawasawa. Nusu saa ya umeme usiokatika kila asubuhi: familia ngapi zinayo?

Mkono badala ya pampu

Kwa nyumba ambazo umeme unakuja na kuondoka, kuna mashine ambazo hazina waya hata mmoja. Flair, ya Marekani, na Robot ya Cafelat ni za namna hiyo. Mtu anachemsha maji kwa gazi, kwa makala, kwa chochote, anayamimina juu ya kahawa, kisha anashusha mkono wa chuma polepole. Uzito wa mwili wake unatoa bari 6 hadi 9, na kipimo cha saa kinaonyesha. Flair ndogo inaanzia dola 100 na kitu. Robot ni karibu dola 400, lakini ni chuma kitupu. Kinachochakaa ni mpira.

Wengi wanadharau vyombo hivi wakidhani ni vya kuchezea. Mbele ya mashine ya umeme ya dola 500, kikombe chake hakina aibu, na mara nyingi kinaishinda, kwa sababu mkono unaweza kupunguza nguvu mwishoni, kitu ambacho pampu ya kawaida haijui. Kasoro zao ni mbili. Vinapika kikombe kimoja kwa wakati, na kati ya kikombe na kikombe kuna kuosha na kupasha joto upya. Na havina mvuke wa maziwa.

Kuhusu maziwa, suluhisho ni la bei ndogo. Maziwa ya Masisi yanapashwa kwenye kasuria hadi yawe ya moto bila kuchemka, kisha yanapigwa kwa kile chombo cha kioo cha kahawa chenye kichujio cha kusukuma. Povu linatoka laini. Wanaopenda kapuchino kila siku, asubuhi na jioni, watatamani bomba la mvuke la Silvia. Wanaokunywa nyeusi hawatalikumbuka.

Yule ambaye hata dola 200 ni nyingi asikate tamaa. Chungu cha moka, kilichobuniwa na Alfonso Bialetti huko Italia mwaka wa 1933, kinakaa juu ya mbabula na kinatoa kahawa nzito kwa dakika tano. Si espresso, nguvu yake haifiki bari 2. Lakini chungu cha dola 30 chenye kahawa mpya ya Minova iliyosagwa saa hiyo kinashinda mashine ya dola 600 yenye kahawa ya mwaka jana.

Mlima unabadilisha joto la maji

Kitabu cha maelezo kilichoandikwa Italia hakijui kwamba Goma na Bukavu ziko kwenye mita 1500 hivi. Kwenye mwinuko huo maji yanachemka yakiwa na digrii 95 tu. Butembo, iliyo juu zaidi, ni 94. Uvira, chini kwenye ziwa Tanganyika, yanafika 97.

Kwa mashine ya mkono, jambo hili ni zito. Maji ya birika yakimwagwa kwenye chuma baridi yanashuka chini ya digrii 90 mara moja, na kahawa inatoka chachu. Dawa ni kupasha chuma kwanza kwa maji yanayochemka, mara mbili, na kumimina bila kuchelewa. Pia kahawa iliyokaangwa kufikia rangi ya chokoleti inatoa ladha yake kwa urahisi kuliko ile ya rangi ya mdalasini, ambayo inadai joto kali. Wale wanaokaanga wenyewe kwenye kikaango, kama akina mama wengi vijijini, wanafika kwenye rangi hiyo bila shida. Shida yao ni kukoroga ili punje zote ziive sawa.

Kwa mashine ya umeme ni kinyume. Ndani ya chungu kilichofungwa maji yanaweza kupita digrii 100, na yakitoka nje kwenye hewa nyepesi ya Goma yanalipuka kuwa mvuke na kutema. Wengi wanaogopa wakidhani mashine imeharibika. Kinachotakiwa ni kuacha maji kidogo yatoke bila kahawa mpaka sauti ya kutema inyamaze, halafu kufunga chujio na kupika. Wenye pesa wanaongeza PID, kifaa kidogo kinachopima joto na kulishika mahali pamoja.

Maji yenyewe

Maji ya ziwa Kivu yana madini mengi yaliyoyeyuka, zaidi ya maziwa mengi. Goma, mji uliojengwa juu ya mawe ya volkeno na usio na mito, unakunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Yakichemshwa siku kwa siku yanaacha ukoko. Ndani ya birika ukoko unaonekana na kukwanguliwa. Ndani ya mashine unaziba mirija yenye upana wa kalamu, unafunika chuma cha kuchemshia, na mwishowe unaua pampu.

Jaribio halina gharama: tazama chini ya birika la nyumbani. Kama ni jeupe baada ya mwezi mmoja, maji hayo yasiingie kwenye mashine peke yake. Maji ya mvua hayana madini karibu yoyote, lakini kahawa iliyopikwa nayo tupu inakosa mwili, na mvua inayopita kwenye moshi wa Nyiragongo na kwenye mabati inabeba vitu vyake. Wengi wanaishia kwenye maji ya chupa yenye madini kidogo, ambayo yanaandikwa kwenye lebo, ao kuchanganya maji hayo na yale ya bomba. Kwa vikombe viwili kwa siku, lita moja na nusu inatosha siku kadhaa. Kusafisha kwa asidi ya limau ya unga kila baada ya miezi miwili ao mitatu kunafaa, ila chungu cha aluminiumu kisiachwe humo muda mrefu. Mashine ya mkono haina chungu wala mirija. Suala hili linamhusu mwenye nayo kwa upande wa ladha tu.

Siku ya kununua

Mashine nyingi zinazofika Goma na Butembo zimetumika tayari Bulaya, nyingine zinapitia Dubai, Kampala ao Kigali. Iliyotumika si mbaya. Gaggia ya miaka kumi iliyotunzwa inaweza kuishi kumi mingine. Lakini igeuzwe kwanza na kusomwa chini yake. Ikiwa imeandikwa volti 110 ao 120, imetoka Amerika, na siku ya kwanza kwenye volti 220 itaungua. Transfoma ya kuibeba ipo, ila ni nzito kama jiwe na bei yake inaondoa faida yote.

Kisha iwashwe mbele ya mnunuzi. Mwuzaji anayesema umeme hakuna leo, arudiwe kesho. Maji yapite kwenye kichwa kwa mkondo ulionyooka. Bomba la mvuke lifunguliwe kwa dakika nzima. Chini ya mashine pabaki pakavu. Chujio likifungwa, mkono wake usimame katikati. Ukipita sana upande wa kulia, mpira wa kuziba umechakaa, jambo dogo, lakini ni sababu ya kushusha bei. Kama chujio lina matundu madogo juu na tundu moja tu chini, ni lile la kutengeneza povu la uongo kwa unga uliosagwa zamani. Liombwe lile la kawaida.

Kwa anayepanga bajeti, dola 200 hadi 300 zinanunua Flair ndogo na kisagio cha mkono. Dola 500 ni Robot na kisagio hichohicho. Dola 600 hadi 700 ni Gaggia na kisagio, na hapo stabilizateri ihesabiwe pia. Bei hizo ni za Ulaya, kabla ya usafiri na duwane, na njia za kufika Kivu hazina bei moja mwezi mzima.

Inabaki kahawa. Mfuko wenye tarehe ya kukaangwa ndio wa kuchukua, ukiwa na wiki moja hadi tano toka siku hiyo. Usio na tarehe uachwe kwenye rafu. Wanaopenda krema nzito wanaweza kuongeza sehemu moja ya robusta ya Ituri ao Tshopo kwa sehemu nne za arabika, kama Waitalia wengi wanavyofanya. Na kama kuna ndugu anayekuja toka Bulaya mwezi wa Desemba, aongezewe vitu vitatu ambavyo havijazi hata soksi moja: mipira miwili ya kuziba ya kipimo cha mashine, chujio la juu la kichwa, na pampu moja ya Ulka EP5, ile inayopatikana ndani ya mashine nyingi ndogo za Italia. Fundi wa mtaani ataiweka kwa nusu saa.